UA LILILOINAMA NA UA LILILOSIMAMA



Wengi wetu tumepanda maua mbele ya nyumba za kambini, na wengine kazi yetu ni kutunza bustani za mashamba. Basi tuyajue tunayoyashika.

Kuna mti mfupi wa bustani, asili yake Amerika ya Kusini, wenye maua makubwa kama tarumbeta. Maua hayo huning'inia, midomo chini, na jioni hunukia. Tunda lake nalo huning'inia, laini, halina miiba. Ndugu yake ni mnanaha, gugu la jalalani na kando ya mashamba. Ua la mnanaha huelekea juu, na tunda lake la miiba husimama wima. Likikauka hupasuka pande nne na kumwaga mbegu.

Wanatofautiana kwa kuinama na kusimama, lakini sumu yao ni moja. Imo katika majani, maua, matunda na mbegu. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, watu walikufa baada ya kula unga wa msaada ulioingiwa na sumu ya namna hii.

Ukiukata mti huo kisha ukafuta jasho, utomvu ukiingia jichoni mboni hupanuka na kuona huwa ukungu. Hapo usiguse mashine. Mtoto akila mbegu, kinywa hukauka, moyo humwenda mbio, huweweseka. Tumpeleke hospitali upesi, na tawi la mti mkononi.

Tudai glavu, tunawe kwa sabuni, tuwaonye watoto. Kinga ni bora kuliko tiba.