Jumuiya ya Sala na Jumuiya ya Maji: Nani Hajaitwa Kikaoni?

Hapa Rau neno "jumuiya" lina makao mawili. Tunayo Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, ambamo familia za jirani hukutana kila juma kusali na kutafakari Neno la Mungu. Ipo pia jumuiya ya watumia maji, chombo kinachotambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, ambacho huwakutanisha wanaotegemea mto au mfereji mmoja. Mara nyingi mtu huyohuyo yumo katika zote mbili. Kwa hiyo tunaona vema kuitazama historia ya maji yetu, kwani ina jambo la kutufundisha juu ya namna ya kujenga jumuiya isiyomwacha mtu nje.

Mababu zetu Wachagga walichimba mifongo, yaani mifereji ya kuteremsha maji kutoka korongoni hadi vihambani. Hakuna familia iliyoweza kuutunza mfongo peke yake. Ukoo ulikutana, wazee wakapanga siku ya kusafisha na zamu ya kumwagilia, na aliyekwepa kazi alitozwa faini. Ulikuwa ushirikiano wa kweli, nasi tunauenzi. Hata hivyo, haki inatudai tuseme lililo kweli: kwa desturi, kazi na mashauri ya mfongo yalikuwa ya wanaume. Mama aliyebeba maji kichwani kila siku hakuwa na sauti pale maji yalipogawanywa.

Tushuke sasa tambarare. Mnamo mwaka 1987 ulikamilika mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani, ukitumia maji ya mito Rau na Njoro. Mashamba ya Mabogini, Rau ya Kati, Oria na Chekereni yalipata mifereji iliyopimwa vizuri, na mavuno ya mpunga yakaongezeka sana. Lakini mpango ulichorwa kwa ajili ya mashamba yaliyo ndani ya mipaka yake, na mto hauijui mipaka hiyo. Wakulima wa upande wa juu, walipoona neema ya mpunga, nao walifungua majaruba na kuyachukua maji kabla hayajafika kwenye banio la mradi. Katika miaka iliyofuata, eneo lililopandwa mpunga ndani ya mradi likapungua, na ugomvi wa maji ukawa sehemu ya maisha ya kiangazi.

Ni rahisi kuwaita wale wa juu wezi wa maji, na wengi wamewaita hivyo. Sisi tunadhani swali la kwanza ni jingine: je, waliitwa wakati wa kupanga? Asiyeitwa kwenye shauri haoni sababu ya kulitii. Ndiyo maana leo Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye makao yake hapa Moshi, huhimiza watumiaji wa juu na wa chini kuketi katika jumuiya moja. Kazi hiyo ni ya polepole, tena ina vikao virefu vya kuchosha.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yamelisema jambo hili kwa muda mrefu. Papa Pio XI, katika waraka wake wa mwaka 1931, alifafanua kanuni auni: lile ambalo kundi dogo linaweza kulitenda lenyewe, lisinyang'anywe na kundi kubwa. Kwa moyo wa namna hiyo Maaskofu wa Afrika Mashariki, chini ya AMECEA, walichagua Jumuiya Ndogo Ndogo mwaka 1973, wakazifanya kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976. Nayo Sinodi iliyohitimishwa Oktoba 2024 ilitualika kutembea pamoja katika umoja, ushiriki na utume.

Basi tujiulize kuhusu jumuiya zetu za sala. Rau ya leo ni kata ya mji. Wapangaji kutoka mikoa mingine ni wengi. Wanaketi nasi, kisha mazungumzo yanateleza kuingia Kichagga, nao wanabaki kutazamana. Mgonjwa asiyeweza kutembea husomewa nia za sala, lakini ni mara ngapi jumuiya huhamia kwake? Na lipo jambo zito zaidi, la michango. Kuna waamini wanaokaa mbali na jumuiya kwa sababu wanaona aibu jina lao kusomwa miongoni mwa wasiotoa, nao huishi na hofu kwamba siku ya msiba watakataliwa.

Hapa ni lazima tuwe wazi. Kanuni ya 848 ya Sheria za Kanisa inaagiza kwamba maskini wasinyimwe msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kanuni ya 1184 inawataja wanaoweza kunyimwa mazishi ya Kanisa wasipoonyesha dalili ya toba, miongoni mwao waasi wa imani na wazushi wanaojulikana. Deni la mchango halimo. Mwenyekiti wa jumuiya hutoa ushuhuda wake. Penye shaka, kwa kanuni hiyohiyo, anayeulizwa ni Askofu mahalia.

Kutegemeza Kanisa ni wajibu wetu sote, wala hatuufuti. Tunachopendekeza ni kwamba kiasi na namna ya kuchangia vijadiliwe na wote, wapangaji na wajane wakiwemo, na kwamba asiye na fedha aweze kutoa kazi ya mikono. Na kiangazi kinapokaribia, jumuiya inaweza kuchagua Jumamosi moja, ikachukua majembe na kwenda kumsafishia mfereji mjane ambaye shamba lake liko mwisho kabisa, kabla zamu yake ya maji haijafika.