Mchanga wa Trouville, Vidole vya Bela

Kiangazi cha mwaka 1870, Claude Monet alimchora mkewe Camille ameketi ufukweni Trouville, mji wa mapumziko kaskazini mwa Ufaransa. Picha ni ndogo, haifiki nusu mita kwa upana. Camille amevaa gauni jeupe na kofia ya maua, pembeni yake mwanamke mwenye nguo nyeusi, na kati yao kiti kitupu. Ukiisogelea, sura ya Camille inapotea: yanabaki madoa ya rangi yaliyopakwa kwa haraka. Chembe za mchanga zimenasa ndani ya rangi hadi leo katika jumba la National Gallery, London, ushahidi kwamba Monet alifanya kazi palepale, upepo ukivuma.

Wachoraji wa mtindo huo, walioitwa Waimpresionisti kuanzia 1874, hawakuhangaika kuzungushia kila kitu mstari. Waliweka doa kando ya doa, jicho la mtazamaji likayaunganisha kwa mbali.

Lubumbashi, nchini Kongo, haina ufuko wa bahari. Atlantiki na Bahari ya Hindi zote ziko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Hata hivyo, ni mji huu uliozaa wachoraji wa madoa ambao Waafrika wanapaswa kuwajua kama wanavyomjua Monet.

Mwaka 1946, mji ukingali unaitwa Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini, alifungua karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Le Hangar. Hakutaka vijana wake waige picha za Ulaya; aliwahimiza wachore mazingira waliyoyajua wenyewe. Mmoja wao, Bela, aliacha brashi kabisa. Alichovya kidole kwenye rangi, akagusa, akainua, akagusa tena, mpaka majani na wanyama wakajitokeza kwa alama za ncha za vidole vyake. Mwenze Kibwanga alipanga vistari vifupi sambamba, hata mwili wa mtu ukaonekana umejengwa kwa vistari hivyo. Pilipili Mulongoy alipenda samaki na ndege, akijaza nafasi iliyowazunguka kwa alama ndogondogo.

Kwa hiyo anayedhani kwamba Bela alikuwa mwanafunzi wa mbali wa Monet anamnyima haki yake. Monet alikimbizana na mwanga wa saa moja kabla haujageuka. Wachoraji wa Hangar walichora kwa kumbukumbu, ndani ya karakana, na samaki wa Pilipili ana umbo linaloonekana wazi, magamba na mapezi yakiwa yamepambwa kwa subira.

Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, na karakana ikaunganishwa na chuo cha sanaa alichokianzisha Laurent Moonens mjini humo mwaka 1951. Mwaka 2015, Fondation Cartier ya Paris iliandaa maonyesho makubwa ya Beauté Congo, yaliyopitia sanaa ya Kongo tangu 1926. Kazi za Bela, Mwenze na Pilipili zilikuwamo.