Janti kubwa, gari chini: mambo ya kupima mbele ya kutoa dola

Gari ya okazio kutoka Japan inafika Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia kisha safari ndefu: meli mpaka Mombasa ao Dar es Salaam, halafu barabara. Nyingi ni Toyota za taksi na za familia. Lakini kati yao zinapita pia zile zenye kugeuza vijana shingo: Subaru Impreza WRX, Toyota Altezza, mara moja moja Mitsubishi Lancer Evolution. Mwenye gari akiisha kulipa duane, kitu cha kwanza anachotafuta si freni wala mafuta mazuri. Ni janti kubwa. Kisha anauliza fundi namna ya kushusha gari chini.

Kuna wenye kucheka tamaa hiyo, na hawana haki. Magari haya yalitengenezwa kwa kukimbia na kushika kona, na mutu mwenye kupenda gari yake anaweza kuitengeneza kadiri ya uwezo wake. Shida ni kwamba picha anazofuata zilipigwa kwenye lami laini ya Japan. Mashimo ya RN2 hayako kwenye picha. Mawe makali ya volkano ya Goma pia hayako.

Wenye kushindana kwenye barabara mbaya walishajibu swali hili zamani. Mwaka 1997, Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya ndani ya Subaru Impreza. Gari yake haikushushwa. Gari za Safari zilikuwa zinainuliwa na kukazwa chini. Na mpaka leo, kwenye mbio za rally za dunia, gari zinavaa janti za pusi 18 kwenye lami, lakini zikiingia kwenye udongo na changarawe zinarudi kwenye pusi 15, na pineu yenye ubavu mrefu. Yaani watu wenye pesa na mafundi wa kila aina, barabara ikiharibika, wanapunguza janti.

Juu ya nini? Hesabu yake iko imeandikwa kwenye pineu yenyewe. Pineu ya 205/55R16 ina upana wa milimita 205, ubavu wake ni asilimia 55 ya upana huo, na inaingia kwenye janti ya pusi 16. Ubavu ni kama milimita 113. Mutu akipanda kwenye pusi 17 na pineu ya 225/45R17, ubavu unabaki milimita 101. Kwenye 225/40R18, unabaki 90. Urefu wa gurudumu zima haubadiliki sana, kutoka milimita 632 mpaka 637, ndiyo maana kompteri ya mwendo haidanganyi sana. Lakini ule mpira wa milimita 23 uliopotea ndio ulikuwa unakula shimo. Ukiisha, shimo linakula janti. Mwenye 15 ao 16 anayezunguka kati ya muji na vijiji hana sababu ya kuona haya. Pusi 17 inaweza kufaa mwenye kubaki kwenye lami ya muji. Pusi 18 ni ya kupigia picha.

Kisha ukubwa, inakuja swali ambalo wauzaji wengi hawalipendi: janti hii inaingia kweli? Kuingia si kutoboka matundu 5 tu. Impreza WRX STI za mbele ya modeli ya 2005 zina matundu 5 kwenye duara la milimita 100, zile za kuanzia modeli ya 2005 ziko kwenye 114.3. Altezza nayo ni 5 kwa 114.3. Kwa macho, tofauti ni ndogo. Kwa bulo, ni kubwa.

Kuna pia tundu la katikati, lile linalokaa kwenye kitovu cha gurudumu. Subaru inataka milimita 56.1. Toyota nyingi za duara la 100 ni 54.1, na za 114.3 ni 60.1. Kwa hiyo janti ya Toyota ya duara la 100, hata yenye matundu sawasawa na ya Subaru, bado haiingii, na kuna mafundi wanaochukua meule na kupanua tundu kwa mukono. Tundu hilo halitakuwa tena duara kamili, gurudumu halitakaa katikati, na usukani utaanza kutetemeka gari ikikimbia. Janti ikiwa na tundu kubwa kuliko kitovu, pete ya kujaza nafasi inatosha. Ikiwa na tundu ndogo, mutu atafute ingine.

Namba ya ET, iliyochapwa mara nyingi nyuma ya janti, inaonyesha namna gurudumu linaingia ndani ao kutoka inje. Namba ikishuka, gurudumu linatoka. Mfano: gari ina janti ya upana wa pusi 7, ET 48. Mwenyewe ananunua ya pusi 8, ET 35. Upande wa ndani hakuna kitu kinabadilika. Upande wa inje, janti inatoka karibu milimita 26. Inapendeza, ndiyo. Lakini pineu inaweza kukata bati la juu yake gari ikipakia watu wanne, na rulma inabeba uzito kwa namna haikupangiwa.

Halafu ekru. Hapa ndipo maisha ya watu yanaingia. Toyota, Honda na Mitsubishi zinatumia ekru za M12 zenye uzi wa 1.5. Subaru na Nissan zinatumia M12 zenye uzi wa 1.25. Ukubwa ni uleule, uzi ni mbalimbali. Ekru ya Toyota inaanza kuingia kwenye bulo ya Subaru, inazunguka kidogo, kisha inakaza. Fundi mwenye haraka anapanda juu ya ufunguo, anasikia imekaza, anasema tayari. Kumbe amevunja uzi, na gurudumu linashikwa na vipande vya chuma. Ekru nzuri inaingia kwa vidole mpaka karibu na mwisho. Ikikataa vidole, isilazimishwe.

Tena, Toyota nyingi zenye janti za kiwanda zina ekru zenye rondela bapa, na janti za kununua zinataka kwa kawaida ekru zenye ncha kama koni. Ukiweka bapa kwenye tundu la koni, inagusa kidogo tu na inalegea njiani. Kwenye mteremko wa Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira, gurudumu likitoka hakuna fasi ya kusimamia.

Kuhusu ubora, janti ya Japan ina alama ya JWL iliyotoka na kalibu, mara nyingi pamoja na VIA. Kopi zinachapa alama hizo pia, kwa hiyo alama peke yake haitoshi. Volk Racing TE37 ya kampuni Rays, inayotengenezwa tangu 1996, ni chuma cha kufuliwa, na seti mpya ni maelfu ya dola. Mwenye kuiuza kwa bei ya pineu mbili anauza jina. Janti ya kumiminwa ikipata mshituko mkubwa inaweza kupasuka. Ya kufuliwa mara nyingi inapinda kwanza. Ya kumiminwa iliyopasuka na kuchomelewa, hata ikipakwa rangi mpya, iachwe kwenye duka.

Sasa suspansio. Njia ya bei ndogo ni kukata resori kwa meule, ao kuichoma na moto mpaka ilale. Zote mbili ni mbaya. Resori iliyochomwa imepoteza nguvu yake. Iliyokatwa inaweza kutoka kwenye kikombe chake gurudumu likining'inia juu ya shimo. Na amortisere inabaki na njia fupi ya kushuka, inagonga chini kila mara, kiisha wiki chache mafuta yanavuja.

Kombine, yaani amortisere na resori pamoja zenye kuzungushwa ili kupandisha ao kushusha gari, kama za Tein ao Cusco, ni kazi ya kweli. Lakini mutu asome namba ya resori. Resori ya 4 kg/mm inashuka sentimeta moja kwa kilo 40. Ya 8 inataka kilo 80. Kwenye mawe, resori ngumu inarusha gurudumu hewani, na gurudumu la hewani halishiki kona wala freni. Matope nayo yanaingia kwenye uzi wa kuzungushia. Kama hausafishwi, siku moja hauzunguki tena.

Kwa Impreza ao Altezza ya miaka zaidi ya 20, dola za kwanza zingekwenda vizuri zaidi kwenye silenbloki, rotile na amortisere mpya za urefu wa kiwanda, kama za KYB. Wengi wanaosema gari yao haishiki barabara wana silenbloki zilizokufa. Kiisha hapo, pineu: namba nne za mwisho za DOT ni juma na mwaka, 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Kisha paralelisme, juu suspansio ikiguswa, pineu inaweza kulika upande wa ndani bila mwenyewe kuona.

Siku janti zinafungwa, ekru zinakazwa kwa kuruka, si kwa kuzunguka, kwa nguvu ya kilo 20 hivi kwenye ncha ya ufunguo wa nusu meta. Kisha kilometa 50 ao 100, gari isimame, ipoe, na zote zikazwe tena.