Balozi wa Kongo aliyezikwa Roma anasomewa fakulte gani?

Mwezi wa nne 2025, Papa Fransisko alizikwa katika kanisa kubwa la Santa Maria Maggiore, mjini Roma, na picha za kanisa hilo zilizunguka dunia nzima. Jambo ambalo halikusemwa sana ni kwamba katika kanisa hilohilo amelazwa mtu aliyetoka upande wetu wa Afrika, na aliwekwa humo zaidi ya miaka 400 mbele ya Papa. Jina lake ni Antonio Manuel Ne Vunda. Alikuwa balozi wa mfalme wa Kongo.

Mfalme Álvaro wa Pili alimtuma mwaka 1604. Safari hiyo ilikuwa taabu tupu. Alipitia Brazil, akanyang'anywa mali na maharamia wa Kiholanzi, akafika Lisbon, kisha akakawia Madrid, kwani mfalme wa Hispania, ambaye wakati ule alitawala Ureno pia, hakufurahia kuona Kongo inazungumza na Papa bila kupitia kwake. Wengi wa watu aliotoka nao walikufa njiani. Tarehe 3 Januari 1608 aliingia Roma akiwa mgonjwa sana. Papa Paulo wa Tano alikwenda mwenyewe kumtazama kitandani. Watu wa Roma walikuwa wametayarisha maandamano makubwa ya kumpokea siku ya Epifania, sikukuu ya wafalme watatu. Siku hiyo ilipofika, balozi alikuwa amekwisha kufa, na maandamano yakageuka maziko.

Mwaka 1629 mchongaji Francesco Caporale alimtengenezea sanamu ya kichwa na kifua kwa mawe ya rangi mbalimbali: uso wa jiwe jeusi, mwilini vazi lililofumwa kama wavu, na podo la mishale. Sanamu hiyo bado iko kanisani. Ukiitazama picha yake kwenye intaneti, utaona mtu mwenye heshima yake, anayetazama mbele bila kuinama.

Sasa weka sanamu hiyo mbele ya mwanafunzi wa chuo kikuu na umuulize: hili ni somo la fakulte gani? Kama anasoma historia, atasema ni la kwake, maana kuna mfalme, tarehe na ubalozi. Mtu wa sanaa atasema ni la kwake, maana kuna mchongaji na jiwe. Padri atadai ni historia ya Kanisa, na mtu wa lugha atauliza jina "Ne Vunda" linasema nini. Wote wana haki, na kila mmoja akifunga mlango wa darasa lake, anabaki na kipande tu.

Kwa sababu hiyo vyuo vingi vya Ulaya na Marekani vina programu za pamoja kuhusu Zama za Kati na Renesansi, yaani ile miaka elfu moja na zaidi inayoanzia kuanguka kwa Roma ya kale mpaka miaka ya 1600 hivi. Mjini Tours, Ufaransa, kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 1956 ambacho kinaweka pamoja waalimu wa historia, falsafa, fasihi, sanaa na muziki wa Renesansi. Mjini Toronto, Kanada, kuna taasisi ya Zama za Kati ya tangu 1929, na huko Kilatini ni mlango wa kuingilia: usipokijua hufiki mbali. Wazo lao ni rahisi. Watu wa wakati ule hawakuishi katika idara. Aliyeandika zaburi alikuwa pia anachora herufi, anahesabu siku za Pasaka, anajua ngozi ya ndama inavyogeuzwa kuwa karasa za kitabu. Kumsoma kwa somo moja ni kumkata vipande.

Hebu tufanye kazi hiyo juu ya Ne Vunda, kwani hapo ndipo mambo yanapotugusa.

Tuanze na vazi lake. Wavu ule kifuani haukubuniwa na mchongaji wa Italia. Ni aina ya nguo ambayo wakubwa wa Kongo walivaa, iliyofumwa kwa nyuzi za mti. Wafumaji wa Kongo wa karne ya 16 na 17 walitengeneza pia vitambaa vya rafia vyenye manyoya mafupi, laini kama mahameli, na Wazungu walivipenda hata wakaviweka katika hazina za wafalme wao. Msomaji aliyewahi kushika velours ya Kasai anajua tayari tunazungumzia nini. Na si vitambaa tu: mjini Florence, katika jumba la Pitti, kuna pembe za tembo zilizochongwa Kongo kwa mistari inayozunguka, na zilikuwa mali ya jamaa la Medici, wale wale waliowalipa wasanii wakubwa wa Renesansi. Mwaka 2015 makumbusho ya Metropolitan ya New York yalionyesha vitu vya namna hiyo pamoja. Kwa hiyo mwanafunzi anayefundishwa kwamba Renesansi ilikuwa jambo la Florence peke yake amefundishwa nusu.

Tupite kwenye barua. Afonso wa Kwanza, Mvemba a Nzinga, aliyetawala kuanzia 1509 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1540, aliandikiana na wafalme wa Ureno kwa Kireno, kupitia makarani waliosomeshwa. Mwanawe Henrique aliteuliwa kuwa askofu mwaka 1518. Barua za mwaka 1526, ambamo Afonso anamlalamikia mfalme wa Ureno juu ya biashara ya watumwa inayommalizia watu, ndizo zinazotajwa shuleni. Lakini kuzitaja ni kitu kimoja, kuzisoma ni kingine. Mwandiko wa karne ya 16 umejaa vifupisho, alama juu ya herufi, maneno yaliyounganishwa. Kuna somo zima la kusoma miandiko ya kale, na bila somo hilo mtu anategemea kile ambacho mwingine amemnakilia na kumtafsiria.

Lugha ndiyo sehemu tamu zaidi, na hapo sisi hatuko nyuma. Mwaka 1624 katekisimu ilichapishwa Lisbon, kazi ya Mjezuiti Mateus Cardoso, yenye Kikongo na Kireno pamoja. Ndicho kitabu cha zamani kuliko vyote kilichobaki katika lugha ya Kibantu. Baadaye, mwaka 1652, mmisionari Joris van Gheel alinakili kamusi ya Kilatini, Kihispania na Kikongo, ambayo mpaka leo iko Roma. Mwanafunzi wa Ulaya anayeanza kazi hii anatumia miaka kujifunza namna lugha za Kibantu zinavyojengwa. Mtoto wa Uvira au Kalemie anaingia na nusu ya kazi imefanyika.

Angalia mifano. Wareno waliandika "Manicongo", na vitabu vingi vikalichukua kama jina la mtu. Ni mwene Kongo: mwene wa nchi, neno lililo ndugu wa "mwenye" wetu. Barua au kitabu iliitwa mukanda, na kila anayesema Lingala anajua mokanda. Padri aliitwa nganga. Hapa Mswahili anasimama kidogo, sivyo? Padri anaitwaje mganga? Na kanisa liliitwa nzo a nkisi, nyumba ya nkisi, ambapo nkisi kwa watu wengi leo ni dawa za kienyeji au hata uchawi.

Juu ya maneno hayo mawili wataalamu wamebishana kwa miaka mingi. Wengine wanasema Wakongo hawakupokea dini mpya, walivalisha ile ya zamani nguo mpya. Wengine wanajibu kwamba hivyo ndivyo Ukristo ulivyoingia kila mahali, hata Ulaya ya Zama za Kati, kwa kuchukua maneno ya wenyeji na kuyapa kazi mpya. Mimi naelekea upande wa pili, kwa sababu kila lugha inaanza na maneno iliyo nayo. Lakini mabishano haya hayawezi kuamuliwa na mwanahistoria asiyejua Kibantu, wala na mtu wa lugha asiyejua Wajezuiti walifundishwa nini kuhusu sakramenti. Wanahitajiana.

Udongo nao una neno lake. Kati ya 2012 na 2016 kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, kilichimba Kongo Central, mahali kama Ngongo Mbata, ambako kuna msingi wa kanisa la mawe, na Kindoki, kwenye makaburi ya wakubwa. Wanaakiolojia na watu wa lugha walifanya kazi pamoja: mmoja anatazama vyungu na shanga, mwingine anatazama maneno yalivyosafiri kutoka mji mkuu kwenda mikoani. Mji mkuu wenyewe, Mbanza Kongo, uko Angola leo, na UNESCO iliuandika kwenye urithi wa dunia mwaka 2017.

Msomaji wa Katanga anaweza kusema hayo yote ni mambo ya watu wa magharibi. Basi aende Sanga, karibu na ziwa Kisale. Tangu 1957 wanaakiolojia wamefungua makaburi pale, mengine ya wakati uleule ambapo Wafaransa walikuwa wanajenga Notre-Dame ya Paris, iliyoanzishwa 1163. Wafu walizikwa na vyungu vizuri sana, vyuma, mapambo ya shaba, na baadaye ile misalaba midogo ya shaba ambayo Katanga inajulikana nayo. Simbi za Bahari ya Hindi zilipatikana pia. Hakuna barua hata moja. Pale mwalimu ni jembe na maabara. Mwanahistoria Mfaransa François-Xavier Fauvelle alitoa mwaka 2013 kitabu kinachozungumzia wazi "Zama za Kati za Afrika". Wengine wanakataa jina hilo kwa kuwa ni la Ulaya. Jina halinisumbui sana. Linalonisumbua ni kwamba mwanafunzi anaweza kumaliza masomo Lubumbashi bila kufika Kisale.

Na tusidhani kwamba njia hii ni ngeni kwetu. Jan Vansina, Mbelgiji aliyesomea historia ya Zama za Kati mjini Leuven, alifika kwa Wakuba wa Kasai mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alikuwa amezoea kupima maandishi ya kale: nani alisema, alisikia wapi, nani alinakili, kwa faida ya nani. Aliposikia wazee wa Kuba wakisimulia, aliona kwamba maswali yaleyale yanaweza kuulizwa juu ya neno la mdomo. Kitabu chake cha mwaka 1961 juu ya mapokeo ya mdomo kilibadilisha historia ya Afrika nzima. Yaani chombo kilichotengenezwa kwa Ulaya ya kale kilifaa kusikiliza Kasai.

Kisha kuna mtoto wa nyumbani, V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki Marekani mwaka 2025. Alijua Kilatini na Kigiriki tangu masomo ya seminari, akafundisha Lubumbashi kabla ya kuondoka nchini karibu mwaka 1980. Katika kitabu chake cha 1988 juu ya namna Ulaya ilivyoibuni Afrika, anatazama picha ya Mjerumani Hans Burgkmair ya mwaka 1508 na kuuliza mchoraji aliwaonaje watu weusi aliowachora. Hapo kuna sanaa, falsafa, historia na lugha katika mkono mmoja.

Leo hali ikoje? Nchini, sehemu ya Latin-Philo katika shule za sekondari inapoteza watoto, na mzazi anayelipa minervali ana haki ya kuuliza: mwanangu atakula Kilatini? Jibu la kweli ni kwamba kazi ni chache. Atakayesoma hivi ataishi kwa kufundisha, kwa kazi ya maktaba na hifadhi za hati, kwa makumbusho, kwa kutafsiri. Tusimdanganye. Lakini gharama ya upande mwingine nayo ihesabiwe: karibu kila kitabu nilichokitaja hapa kuhusu Kongo ya zamani kilichapishwa Ulaya au Marekani, na profesa wetu akitaka kukitumia anakisubiri.

Mfumo wa LMD, ambao vyuo vikuu vyetu vilianza kuingia mwaka wa masomo 2021-2022, unapanga masomo kwa vikundi na kredi. Kwenye karasa, hakuna kinachozuia idara ya historia na ile ya lugha za Kiafrika kugawana kikundi kimoja: muhula mmoja wa Kireno, mmoja wa kusoma miandiko ya kale, mmoja wa Kikongo cha 1624. Mahitaji mengine ni madogo kuliko zamani. Maktaba ya Vatikano na maktaba ya taifa ya Ufaransa zimeweka maelfu ya hati za kale kwenye intaneti bure. Mega ndizo zinazokula pesa, na umeme.

Mahali pa kuanzia zoezi pako hapahapa nchini. Kwenye miamba ya Yelala, juu kidogo ya Matadi, mabaharia wa Diogo Cão walichonga karibu mwaka 1485 alama ya mfalme wao na majina yao, kwa herufi za wakati ule. Maji ya mto yanapita chini. Mwanafunzi wa kwanza atakayepanda pale na daftari lake hatahitaji viza.