Kariba: Mashindano makubwa, nyuma yake kuna sambaza

Kila mwezi wa kumi, joto linapopanda kwenye ziwa Kariba, Zimbabwe, timu za wavuvi hufika kambini Charara, kando ya maji, kwa siku tatu za kuvua kwa ndoano. Mashindano hayo, Kariba Invitation Tiger Fish Tournament, yalianza mwaka wa 1962. Watu hujiandikisha kwa timu, na samaki hupimwa kwenye mizani.

Anayetafutwa ni ndugu mdogo wa mbenga wa mto Congo. Meno yake hukata mshipi, ndiyo maana wavuvi hufunga waya wa chuma karibu na ndoano. Mdomo wake ni mfupa mtupu: akiruka juu ya maji, mara nyingi anajinasua. Mwaka wa 2001, mmoja wa Kariba aliingia katika rekodi ya dunia akiwa na kilo 16,1.

Chakula chake wakaaji wa Bukavu na Goma wanakijua vizuri: sambaza. Samaki huyo mdogo alitolewa ziwa Tanganyika, akapelekwa Kivu kati ya 1958 na 1960, kisha Kariba mwaka wa 1967 na 1968. Kule anaitwa kapenta, na huvuliwa usiku kwa taa, kama Kivu.

Basi mwenye mashua ya mashindano na mvuvi wa usiku wanategemea samaki mmoja. Nyavu zikimmaliza, familia zitakosa mboga, na mizani ya Charara itabaki tupu.