Picha ya Studio ni Amana ya Ukoo

Kila Sikukuu ya Idd inapokaribia, wananchi wa mjini na mashamba hushona nguo mpya, na wengi hupenda kupiga picha ya ukumbusho pamoja na jamaa zao. Hilo ni jambo jema. Lakini tunaona kwamba maandalizi hayo aghalabu huishia kwenye nguo, na uso, ambao ndio madhumuni ya picha, husahauliwa.

Sanaa hii si ngeni Unguja. A. C. Gomes alikuwa na studio hapa tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Picha za mabingwa hao zingali zikitazamwa hata leo, ilhali waliopigwa wengi wao wamekwisha tangulia mbele ya haki.

Tuanze na vazi. Kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ni heshima, ila ina mtihani wake. Kipimo cha mwangaza cha kamera hukisia kwamba kila kilicho mbele yake ni cha rangi ya wastani. Kikikutana na weupe mwingi wa kanzu hupunguza mwangaza, na uso wa mvaaji ukatoka giza tupu. Buibui huleta kinyume chake: mwangaza huzidi na uso hufifia. Dawa ni moja, nayo ni mpiga picha kupima mwangaza usoni, si nguoni. Kumng'arisha mtu ngozi baada ya picha kutoka si dawa. Ni kumvika uso usio wake.

Pili, wazee. Nyumba nyingi hazina picha ya babu au bibi ila ile ndogo ya kitambulisho, iliyopigwa kwa haraka. Wazee wapelekwe asubuhi kabla hawajachoka, wapewe kiti cha kuegemea, na waulizwe wenyewe wapendavyo kuvaa. Mama asiyeridhia picha yake ionwe na wasio jamaa zake asilazimishwe.

Tatu, picha isiyo na jina ni yatima. Nyuma yake yaandikwe taratibu, kwa penseli laini, majina ya wote waliomo, mahali na tarehe. Picha za simu zilizo muhimu nazo zisafishwe kwenye karatasi, kwani simu ikipotea huenda zikapotea nayo.

Kwa upande wa Serikali, tunatoa wito kwa maafisa wanaopiga picha za vitambulisho wazingatie kanuni hiyo ya mwangaza, maana kitambulisho chenye uso usioonekana hakimtambulishi mtu. Aidha, wanaohusika na nyaraka na utamaduni hawana budi kuzisaidia studio kongwe kuhifadhi filamu zao mahali pakavu penye ubaridi. Joto na unyevunyevu wa visiwa vyetu ni adui wa filamu, na filamu ikishaharibika hakuna fundi wa kuirejesha.

Mjukuu atakapouliza, "Huyu ni nani?" jibu alikute nyuma ya picha, hata kama hayuko tena mzee wa kumjibu.