Jiji Likifika Shambani kwa Babu

Jumamosi iliyopita, saa tatu usiku hapa Al Rigga na saa mbili kule Eldoret, mama aliweka simu spika juu ya meza, katikati ya sahani za chapati. Upande wa pili walikuwa babu, nyanya na mjomba. Mjomba ndiye aliyeanza. Jirani yetu ameuza ekari kumi, na wanunuzi tayari wanapima vipande vya hamsini kwa mia. Swali lake lilikuwa moja: sisi tunangoja nini?

Kama umelelewa huku kama mimi, unaijua simu ya aina hii. Unaitwa utoke chumbani, unasalimia watu wote, halafu wanaanza kuongea mambo ya shamba na wewe unabaki kutazama chapati. Safari hii niliketi. Hilo shamba ndipo mama ametuma pesa za ua, za tangi la maji na za nyumba ya vyumba vitatu ambayo mimi nimelala siku 19 pekee maishani.

Hebu tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo iliyomwasha mjomba. Kipande cha hamsini kwa mia ni futi za mraba 5,000. Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Ukitoa barabara za ndani, unabaki na vipande saba au vinane. Ekari kumi za jirani ni kama familia sabini mpya, kila moja na choo, taka na gari lake, mahali ambapo mwaka juzi palikuwa na mahindi.

Na kwa nini sasa? Kwa sababu Eldoret ni jiji. Ilipewa hadhi hiyo tarehe 15 Agosti 2024, la tano Kenya baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Sheria ya Miji na Majiji, ilivyorekebishwa 2019, inataka jiji liwe na wakaazi angalau 250,000, na sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya 475,000 pale. Tangu siku hiyo majirani wa babu wanaulizana kitu kimoja: mpaka utafika wapi?

Kinachochekesha ni kwamba Eldoret yenyewe ilianza kama kipande cha shamba. Wakoloni walipokata nyanda za Uasin Gishu kuwa mashamba ya walowezi, shamba namba 64 halikufaa sana kwa kilimo, basi posta ikafunguliwa hapo 1910. Watu wakapaita "Sixty-Four", na wenyeji wakalitamka kwa ulimi wao: Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja 1912. Babu bado anasema "naenda Sisibo" akienda kununua dawa ya ng'ombe.

Sasa, shamba likimezwa na jiji, nini hubadilika? Nilidhani ni lami na taa za barabarani tu. Kumbe kuna mambo matatu.

La kwanza ni matumizi. Mpango wa jiji hugawa ardhi: hapa makaazi, hapa biashara, hapa viwanda, hapa kilimo. Ukitaka kutoka mahindi hadi nyumba za kupangisha, lazima kaunti ikubali kubadilisha matumizi, chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019. Na ukishapangiwa makaazi, ng'ombe sita wa nyanya wanaweza kugeuka kero kwa majirani wapya.

La pili ni kodi ya ardhi. Mjini unailipa kila mwaka, uwe umevuna au hukuvuna.

La tatu ndilo lililonyamazisha simu. Mjomba alisema, bila kupepesa, "Tungoje tu jiji lifike. Bei itapanda, na hakutakuwa na mambo ya kuketi mbele ya bodi."

Bodi gani? Ikabidi nitafute. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967, huwezi kuuza wala kugawa ardhi ya kilimo bila kibali cha bodi ya eneo lenu. Mauzo bila kibali ni batili. Na kwa kawaida bodi humwita mke, mara nyingi hata watoto wakubwa, na kuwauliza ana kwa ana: mmekubali? Lakini "ardhi ya kilimo" katika sheria hiyo ni ile iliyo nje ya manispaa na miji, isipokuwa waziri atangaze vinginevyo kwenye Gazeti rasmi. Yaani mpaka ukisogea, ile meza ambapo nyanya angeulizwa inaweza kuondoka.

Nikamuuliza nyanya moja kwa moja, na Kiswahili changu kikiteleza kama kawaida: "Nyanya, wewe unataka kuuza?"

Kimya. Halafu akasema, "Mimi hakuna mtu ameniuliza."

Babu akakohoa. Mama akafunga macho.

Si kwamba nyanya hana kinga nyingine. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali ya wanandoa haiuzwi bila idhini ya wote wawili. Lakini kuwa na sheria ni tofauti na kuketi kwenye chumba ambapo mtu anakutazama machoni na kukuuliza. Kinga ya kwanza anaikuta nyanya hata akiwa amenyamaza. Hiyo ya pili, inabidi yeye aidai.

Najua mtu atasema: wewe uko Dubai, yakuhusu nini? Yananihusu kwa sababu hapa hatuna hata matofali. Sheria namba 7 ya 2006 inaruhusu wageni kumiliki katika maeneo yaliyoteuliwa tu, kama Dubai Marina, na kwa bei ambazo baba huzisoma kwa sauti ili tucheke. Tunapanga. Viza zetu zimefungwa kwenye kazi ya baba. Kuzaliwa hapa hakukunifanya raia wa hapa. Katiba ya Kenya inanihesabu raia kwa kuzaliwa kwa sababu wazazi wangu ni Wakenya. Udongo pekee ambapo jina letu linajulikana ni ule ambao mjomba anaupima kwa futi.

Tulikubaliana nini? Kidogo, lakini kipo. Hakuna kuuza mwaka huu. Mpima ardhi aliyesajiliwa athibitishe mipaka yetu kabla jirani hajaweka nguzo zake. Kukiitishwa kikao cha maoni ya wananchi, nyanya aende yeye mwenyewe, na mjomba ampeleke kwa gari. Mimi nitaandika barua yetu kwa Kiswahili, mama asahihishe.

Mjomba hajafurahi. Alisema bei ya leo haitangoja, na huenda ana haki. Watoto wake watatu wako chuoni, na ni yeye anayemlipa mkamuaji wakati sisi tunatuma salamu. Hilo nalo tulipaswa kuliuliza mapema.

Kabla ya kukata simu nyanya aliniuliza kama nakumbuka mti wa mparachichi ulio karibu na lango. Nikasema ndiyo. Ukweli ni kwamba sikumbuki. Agosti nitaenda kuuona.

Na kwenu je? Shamba la nyumbani likitajwa kwenye simu, nani huwa hajaulizwa?